Diski Pacha Katika Seva Isiyozimwa

Seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine kupitia mtandao, na kwa kuwa wanaoitegemea hawakomi kuingia na kutoka, kuizima hata kwa saa moja ni sawa na kufunga dirisha la malipo wakati foleni ingali ndefu. Hata hivyo diski, yaani kifaa kinachohifadhi data, ni miongoni mwa sehemu zinazochakaa mapema ndani yake, hasa diski za sumaku ambazo sahani zake aghalabu huzunguka mara 7,200 kwa dakika, usiku na mchana. Njia kongwe ya kukabiliana na udhaifu huo ni uakisi, ambapo kila kinachoandikwa huandikwa katika diski mbili pacha, ili moja ikifa nyingine iendelee na kazi bila mtumiaji kujua kwamba kumetokea msiba.

Katika miaka ya 1970 kampuni ya Tandem ya Marekani ilikuwa tayari ikiuza kompyuta zenye diski pacha kwa benki na wateja wengine wasiovumilia huduma kusimama. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha makala iliyopanga katika ngazi mbinu za kuunganisha diski kadhaa, wakaziita RAID, na uakisi ukawa ngazi ya 1. Ngazi hiyo hula nafasi, kwani diski mbili za terabaiti 4 hubeba terabaiti 4 tu. Lakini kwa ofisi ndogo isiyo na fundi wa kudumu, wepesi wake wa kueleweka una thamani kuliko nafasi inayopotea.

Ugumu huanza pale seva inapokuwa tayari na diski moja iliyosheheni data, nayo inataka kuongezewa pacha huku ikiendelea kufanya kazi. Seva nyingi zina trei zinazoruhusu diski kuchomekwa umeme ukiwa unapita, na mfumo wa Linux huipa diski mpya jina kama sdb, huku ya zamani ikiitwa sda. Majina hayo hayaaminiki, kwa sababu hugawiwa kwa kufuata mpangilio wa kugunduliwa na yanaweza kubadilishana seva inapowashwa upya. Kinachoaminika ni namba ya kiwanda iliyochapwa kwenye lebo ya kila diski, ambayo fundi makini huinakili kwenye karatasi kabla ya kusukuma trei ndani, kwa kuwa programu ya uakisi haijui ipi ni sura na ipi ni taswira: ikiamriwa kunakili utupu juu ya hesabu za miaka kumi, itatii kwa uaminifu uleule.

Kwa sababu hiyo mafundi wa Linux, wanaotumia programu iitwayo mdadm, huanza na kioo pungufu. Pacha huundwa kwa diski mpya peke yake, na nafasi ya mwenzake hutangazwa kuwa wazi. Data hunakiliwa humo huduma zikiendelea, kisha huduma husimamishwa kwa dakika chache ili faili zilizobadilika katikati nazo zichukuliwe, na seva huelekezwa kusoma kutoka kwenye makao mapya. Mpaka hapo diski ya zamani haijaguswa, na kosa lolote bado lina marejeo. Ni hatua ya mwisho tu, ile ya kuiingiza diski ya zamani kwenye nafasi iliyoachwa wazi, inayofuta kilichokuwamo.

Mfumo wa ZFS, uliotolewa na Sun Microsystems mwaka 2005, hufupisha safari hiyo kwa amri moja, “attach”, inayoiweka diski mpya ubavuni mwa ya zamani na kunakili tu sehemu zenye data. Jirani yake ni amri “add”, ambayo huongeza nafasi badala ya kuongeza pacha, na aliyeikosea hubaki na data iliyotawanywa kwenye diski mbili, yoyote kati yake ikifa zote zimepotea. Hakuna kosa dogo la uandishi lililowatoa jasho wengi kama hilo.

Ulinganishaji wa diski huchukua muda. Kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde, terabaiti 4 huhitaji zaidi ya saa saba, na zaidi ikiwa watumiaji wako kazini, maana Linux hupunguza kasi ili kuwapisha. Katika faili ya /proc/mdstat hali huonekana kama [U_], kistari kikiwa ni diski ambayo haijawa tayari, na kazi ikikamilika huwa [UU]. Saa hizo data kamili iko mahali pamoja tu, ndiyo maana nakala rudufu hutengenezwa kabla ya kazi kuanza, na huendelea kutengenezwa baadaye, kwa sababu faili iliyofutwa kwa bahati mbaya hufutika kwenye pacha zote mbili papo hapo.

Yapo mawili yanayosahaulika mara kwa mara. Ikiwa mfumo endeshi wenyewe umo kwenye pacha, programu ndogo inayoiamsha seva lazima iwekwe katika diski zote mbili, la sivyo diski iliyosalia itakuwa na data yote na seva isiwake. La pili ni ukimya: kioo kilichopoteza nusu yake hufanya kazi kama kawaida, hata kwa miezi, hadi nusu ya pili nayo ife. Programu ya mdadm inaweza kutuma barua pepe diski inapokufa, lakini barua hiyo hupaswa kujaribiwa kwa kuitangaza diski moja kuwa mbovu kwa makusudi, kusubiri ujumbe uingie, kisha kuirudisha. Na endapo pacha iliundwa pamoja na ramani ya mabadiliko, ni sehemu zilizobadilika tu zitakazonakiliwa upya, na [U_] itageuka [UU] katika dakika chache.