FEDHA ZA SANGARA NA IMANI YETU

Ukifika Mwaloni, Kirumba, utaona magunia ya dagaa na kayabo yakipakiwa kwenda mbali, hata Kongo. Utasikia pia adhana na nyimbo za makanisani. Watu wengine hudhani kwamba fedha zikija, imani huondoka. Kwetu haikuondoka. Ilibadilika.

ZAMANI
Wazee wa Usukuma walitambikia masamva, yaani mizimu ya wahenga. Waliwajengea vijumba uani. Tambiko lilikuwa la ukoo. Waliomba mvua, watoto na afya kwa ajili ya wote.

SANGARA ALIPOKUJA
Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Miaka ya 1980 aliongezeka sana. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, na minofu ikauzwa Ulaya. Vijana wengi waliacha jembe wakaenda ziwani.

Lakini fedha za ziwa hazitabiriki. Leo mvuvi anajaza mtumbwi, kesho anarudi mikono mitupu. Mwaka 1999 Ulaya ilikataa samaki wetu kwa muda. Bei ikaanguka.

Mvuvi akajiuliza, "Kwa nini mwenzangu apate, mimi nikose?" Zamani swali kama hilo lilijibiwa na ukoo mzima. Sasa wengine walilipeleka peke yao, kwa siri, kwa wauza bahati.

BAHATI HAINUNULIWI
Hapo uovu ukaingia. Kuanzia mwaka 2007 hivi, watu wengi wenye ualbino waliuawa katika Kanda ya Ziwa. Matapeli walidai kwamba viungo vyao huleta samaki na dhahabu. Hilo halikuwa tambiko. Ilikuwa biashara ya damu. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Mauaji hayakuisha mara moja.

Ndugu, ualbino hurithiwa kwa baba na mama. Ngozi, nywele na macho hukosa rangi ya kutosha, basi. Aliye nao ni mtu kama wewe.

Mimi bwana shamba sijaona dawa ya kuongeza samaki. Samaki hupungua tunapovua wachanga. Sheria inakataza kuvua sangara wa chini ya sentimita 50.

UFANYE NINI?
Sali kanisani, swali msikitini, au tambika nyumbani. Lakini jiulize: ninaomba kwa ajili ya nani? Ukimsikia mtu anauza bahati ya viungo vya binadamu, toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji au polisi siku hiyo hiyo. Mtoto wa jirani mwenye ualbino ni mtoto wako. Mlinde.