Kabla ya kununua spika ya betri, sikiliza inanga

KANZENZE, Rubavu – Ngoma haiombi spika. Ikipigwa upande mmoja wa mashamba ya viazi, upande wa pili wanaisikia na wanajua kuna sherehe. Inanga ni jambo lingine. Ni ubao uliochimbwa kama sinia refu, waya mmoja ukapitishwa juu yake mara nyingi kutoka ncha hadi ncha, na mpigaji huimba kwa sauti ya chini akiuinamia. Wageni waliokaa safu ya nne tayari wanaanza kukisia maneno.

Chombo hiki hakina mpaka. Wahaya wa Kagera wanakiita enanga, Washi wa Kivu Kusini wanakiita lulanga, na Burundi kuna mtindo mashuhuri ambao mwimbaji hanong'oni tu kwa bahati, bali mnong'ono ndio uimbaji wenyewe. Chini kidogo ya hapa, Nyundo, ndiko shule ya muziki iliyofunguliwa mwaka 2014 ilikoanzia kutoa vijana wanaopiga vyombo kwa mikono yao. Lakini kijana akialikwa kwenye sherehe ya kuposa akakuta spika iliyopo inafaa kupiga nyimbo za simu tu, inanga yake inakuwa pambo la kupigia picha. Ndiyo maana uamuzi wa spika gani inunuliwe si mdogo kama unavyoonekana dukani.

Kwa nini betri? Kwa sababu sherehe nyingi za vijijini hufanyika chini ya turubai, uani au kwenye kiwanja kisicho na soketi karibu. Jenereta ipo, ila ngurumo yake inaimeza inanga kabla hata mafuta hayajahesabiwa. Halafu kuna usafiri. Huku pikipiki ya abiria inaitwa moto, na mgeni kutoka Dodoma akiambiwa spika inakuja kwa moto anaweza kutafuta ndoo ya maji. Spika ya kilo saba au nane inapakatwa. Ya kilo 25 inahitaji gari, na gari linakula malipo ya onesho.

Wauzaji wengi huanza na wati. Sanduku lenye taa za rangi limeandikwa wati 3,000, pengine kwa herufi PMPO, na bei yake inavutia. Fanya hesabu ndogo. Ndani ya masanduku mengi ya aina hiyo mna betri ya asidi ya volti 12 na saa-ampea 7, yaani nishati ya wati 84 kwa saa moja. Kama spika hiyo kweli ingetumia wati 3,000, betri ingekwisha katika muda usiofika dakika mbili. Namba ya kutafuta ni ile ya RMS, nguvu ambayo spika inaihimili mfululizo. Hata hiyo isikulevye: kuongeza wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua bila kushtuka. Ili sauti isikike kuwa imekua maradufu, unahitaji takriban wati mara kumi.

Umbali ndio adui mkubwa zaidi. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti inapungua desibeli 6. Spika inayotoa desibeli 110 ukiwa mita moja mbele yake itakufikishia kama 86 ukiwa mita 16. Hiyo inawatosha wageni themanini waliokaa kusikiliza. Kuiinua juu ya stendi, ipite vichwa vya watu, kunasaidia kuliko kununua kubwa zaidi, kwa sababu sauti nyembamba, zile zinazobeba maneno, huzuiwa na miili ya waliokaa mbele.

Sasa geuza spika uangalie nyuma yake. Hapa ndipo ningetumia muda mwingi kuliko pengine pote. Mpigaji mmoja anayeimba anahitaji matundu mawili yanayojitegemea, kila moja na kitufe chake cha sauti: moja la maiki, jingine la chombo. Inanga hunaswa vizuri kwa kifaa kidogo kinachobandikwa kwenye ubao na kupokea mtetemo wake. Kifaa hicho hutoa umeme dhaifu sana, na kikichomekwa kwenye tundu la maiki ya kawaida besi inapotea, inabaki sauti ya bati. Kinataka tundu la gitaa, ambalo mara nyingi huandikwa Hi-Z. Spika nyingi za magurudumu hazina tundu la namna hiyo.

Ukipendelea maiki mbele ya ubao badala ya kifaa cha kubandika, maiki nyeti za studio zinahitaji umeme wa volti 48 kupitia waya wake, na si spika zote ndogo zinautoa. Maiki ya mkononi ya kawaida, ya aina ya Shure SM58 iliyo sokoni tangu 1966, haihitaji umeme huo. Iweke karibu sana na chombo, na spika isimame mbele ya mpigaji ikiwatazama wageni. Ikiwa nyuma yake, maiki inasikia spika, spika inarudia maiki, na mluzi unaanza.

Muuzaji akikuonyesha kwamba spika inaunganishwa kwa Bluetooth, mshukuru kisha uendelee. Kwa nyimbo za simu inafaa. Kwa chombo kinachopigwa hapo hapo haifai, kwa kuwa mara nyingi sauti huchelewa kati ya sekunde 0.1 na 0.2. Sekunde 0.15 ni sawa na kujisikia ukipiga ukiwa umesimama mita 50 kutoka kwenye mikono yako mwenyewe.

Kuhusu betri, saa zilizoandikwa ni za sauti ya wastani. Bose inasema S1 Pro inafika saa 11, JBL inataja saa 12 kwa EON One Compact; ukifungua sauti yote saa hizo zinapungua sana. JBL hiyo ina faida nyingine: betri yake inachomolewa, hivyo ya akiba inawezekana. Roland Cube Street inatumia betri ndogo za AA, ambazo hata duka la kijijini linazo, ingawa nguvu yake ni ndogo na inafaa kibarazani kuliko uwanjani. Betri ya asidi ni ya bei nafuu na fundi yeyote anaifahamu, lakini ukiimaliza kupita nusu mara kwa mara inachoka, na ukiiacha tupu wiki nzima inakufa. Ichajiwe usiku huo huo. Ya lithiamu ni nyepesi na inavumilia zaidi, ila kabla ya kulipa uliza nani atakuuzia nyingine ikichoka. Na kama shemeji wa Brussels ameahidi kuileta kwa ndege, mwambie betri ya ziada ya lithiamu hubebwa kwenye mkoba wa mkononi, na ikizidi saa-wati 100 aombe ruhusa ya shirika la ndege kwanza.

Wapo wanaofikiria kununua Kampala au Kariakoo. Ile hati rahisi ya uasili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, inayowapunguzia mzigo wafanyabiashara wadogo wenye bidhaa zisizozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama. Spika iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Uganda kwa kuuzwa Kampala, kwa hiyo uliza kodi kabla ya kufurahia bei. Mpiga enanga wa Kagera anayevuka Rusumo na spika yake kuja kupiga Rubavu kisha arudi nayo yuko katika hali tofauti: sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaruhusu uingizaji wa muda, hadi miezi 12. Aitangaze anapoingia, akiwa na risiti na namba ya spika.

Dukani, nenda na inanga yako. Omba spika itolewe nje, mwenzako apige taratibu na kuimba kama anavyoimba nyumbani, nawe utembee hatua ishirini ugeuke. Kama maneno hayakufiki hapo, rudisha sanduku kwenye rafu, hata likiwa na taa za rangi saba.