Ruzuku ya Serikali na Faida ya Shamba: Nani Anakula?



Kila tunapokaa mezani na waajiri kuzungumzia mshahara, tunaelezwa kuwa bei ya mazao ni mbaya na shamba halina faida. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Lakini faida ya shamba haitokani na mvua, jembe na bei peke yake. Mara nyingi serikali nayo ina mkono wake ndani. Mkono huo unaitwa ruzuku, na mfanyakazi asiyeujua hawezi kulisoma daftari la mwajiri wake.

Ruzuku ni nini?

Ruzuku ni msaada ambao serikali inampa mwenye shamba ili asipate hasara, au ili alime zaidi. Huja kwa njia nyingi. Serikali yaweza kumlipa fedha kwa kila eka. Yaweza kupunguza bei ya mbolea na mbegu, ikalipa tofauti yenyewe. Yaweza kumhakikishia bei iliyo juu kuliko ile ya soko. Tena yaweza kuitoza bidhaa ya nje ushuru mkubwa ili bei ya ndani isishuke. Hii ya mwisho wengine hawaiiti ruzuku, kwa kuwa serikali haitoi senti. Anayelipa ni mnunuzi dukani. Lakini kwa mwenye shamba kazi yake ni ile ile.

Tuchukue mfano. Eka moja imegharimu shilingi 1,000,000 na mazao yake yameuzwa kwa shilingi 900,000. Hapo pana hasara ya shilingi 100,000. Serikali ikimwongezea mwenye shamba shilingi 300,000, hasara inageuka kuwa faida ya shilingi 200,000. Ardhi ni ile ile, jasho ni lile lile, lakini hesabu imebadilika.

Sasa tuulize: hiyo faida inakwenda wapi? Mwenye ardhi akijua kuwa kila eka inaleta fedha za serikali, hupandisha kodi ya ardhi. Muuza mbolea naye akijua kuwa serikali inalipa, huweza kupandisha bei yake. Kinachobaki ni cha mwenye shamba. Mfanyakazi hutajwa mwisho, au hatajwi kabisa, kwa sababu ruzuku hulipwa kwa eka au kwa tani, wala hailipwi kwa mikono iliyolima.

Mfano wa sukari ya Ulaya

Tangu mwaka 1968 nchi za Soko la Pamoja la Ulaya, ambalo leo ni Umoja wa Ulaya, zilikuwa na mpango wa pamoja wa sukari. Huko hawalimi miwa mingi; wanalima biti, mmea ambao mzizi wake ni mtamu. Kuikamua sukari ya biti kulikuwa na gharama kubwa kuliko sukari ya miwa ya nchi za joto. Hata hivyo wakulima wake walipata faida, kwa kuwa bei ilihakikishwa. Ilifika yuro 632 kwa tani ya sukari nyeupe, karibu mara tatu ya bei ya soko la dunia. Sukari iliyozidi iliuzwa nje kwa bei ya chini kwa msaada wa ruzuku. Hivyo ruzuku iliyoleta faida kule ilishusha bei kwa wakulima wa miwa wa nchi nyingine.

Australia, Brazil na Thailand zilishitaki katika Shirika la Biashara Duniani, zikashinda mwaka 2005. Kuanzia mwaka 2006 Ulaya ilishusha bei yake kwa asilimia 36, mpaka yuro 404. Ndugu, tazameni hapa nani alilindwa. Wakulima wa biti walifidiwa, kwa wastani, asilimia 64 ya pato walilopoteza. Lakini viwanda vingi vilifungwa. Kiwanda cha mwisho cha sukari cha Ireland, kilichokuwa Mallow, kilifungwa mwaka 2006 na wafanyakazi wake wakapoteza kazi. Mauritius, iliyokuwa ikiiuzia Ulaya karibu tani 500,000 kwa mwaka kwa bei ile nzuri, ilipunguza viwanda na wafanyakazi wa mashamba. Faida iliyosimama juu ya uamuzi wa serikali huanguka siku uamuzi ukibadilika, na wa kwanza kuangukiwa ni mfanyakazi.

Na sisi wa miwa ya Uganda?

Msiseme kwamba hayo ni ya Ulaya. Umoja wa forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza mwaka 2005, sukari iliwekwa katika bidhaa nyeti zenye ushuru mkubwa. Sukari itokayo nje ya Jumuiya imepangiwa ushuru wa asilimia 100, isipokuwa pale serikali inapotoa ruhusa maalumu wakati wa upungufu. Sisi hatuupingi ushuru huo. Bila huo, sukari rahisi ya nje ingeweza kuyafunga mashamba ya Busoga, Buganda na Bunyoro, nasi tukakosa kazi. Lakini tujue kuwa kila kilo tunayonunua tunachangia faida ya mwenye kiwanda. Tunatoa jasho shambani, kisha tunatoa fedha dukani.

Bei ya sukari ina kinga ya sheria. Je, mshahara? Kima cha chini cha Uganda kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Muswada wa kukibadili ulipitishwa na Bunge mwaka 2019, lakini haukutiwa saini na Rais. Kwa hiyo kinga yetu ni mkataba tunaoupigania wenyewe.

Tufanye nini?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila tawi, kabla ya kwenda mezani, liulize mambo manne:

1. Kampuni inapata msaada gani wa serikali: fedha, mkopo nafuu, msamaha wa kodi, au kinga ya ushuru?

2. Bila msaada huo, hesabu ya mwaka ingekuwaje?

3. Katika faida iliyopatikana, ni kiasi gani kimekwenda kwenye mishahara, nyumba na matibabu?

4. Msaada ukiondolewa kesho, nani atalipwa fidia, na je, jambo hilo limeandikwa katika mkataba?

Mwajiri akisema hakuna faida, tusimbishie kwa kelele. Tumwombe daftari. Ruzuku ni mali ya umma, na sisi ni umma. Palipo na fedha za wananchi au kinga ya wananchi, pawe na mshahara wa kumlisha mwananchi.

Umoja ni nguvu.