Mazutu ikiisha kwenye grupu: hewa ndiyo inazuia injini kuwaka tena

Grupu inazimika usiku kwa sababu tangi imekauka. Watu wanahangaika kupata vidumu viwili vya mazutu, wanamimina, wanapiga kle. Injini inazunguka lakini haiwaki. Wanapiga tena na tena mpaka batri inakufa. Hapo wengi wanasema: grupu imeharibika. Kumbe mara nyingi haijaharibika. Kama mafundi wanavyosema, imekamata hewa, na kuitoa hewa hiyo ni kazi ya dakika chache kwa mtu aliyeonyeshwa mapema.

Kwa nini Goma inategemea grupu

Umeme wa Goma unatoka mbali. Sehemu moja inaletwa na SNEL kutoka mitambo ya Ruzizi, upande wa Bukavu. Sehemu nyingine ni ya Virunga Energies, kutoka Matebe katika Rutshuru, mtambo uliofunguliwa mwaka 2015. Nyaya hizo zikikatika, mji unaingia gizani. Ilitokea mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipolipuka. Ilitokea tena mwezi wa kwanza 2025, vita vilipoingia mjini: umeme ulikatika, pampu za maji zikasimama, watu wakashuka ziwani na vidumu.

Siku kama hizo, grupu ya kituo cha afya inabeba mzigo mzito. Mashine ya oksijeni inasimama umeme ukikatika. Friji ya chanjo inapaswa kubaki kati ya digrii 2 na 8. Mama anayejifungua saa nane ya usiku hawezi kungoja kuche, na fundi naye hawezi kutembea usiku kwa usalama. Basi anayebaki na grupu ni sentineli na muuguzi wa zamu.

Hewa inafanya nini

Injini ya esansi inawashwa na cheche ya buji. Injini ya mazutu haina buji. Inabana hewa ndani ya silinda mpaka iwe ya moto sana, kisha injekta inarusha mazutu kama ukungu, na mazutu inawaka yenyewe. Ili injekta ifunguke, pampu lazima isukume mazutu kwa nguvu kubwa.

Mfano uko mkononi mwa kila muuguzi. Jaza maji kwenye seringi, ziba mdomo wake kwa kidole, kisha sukuma: haisogei. Jaza hewa, sukuma tena: inaingia, na ukiachia inarudi. Maji hayabaniki, hewa inabanika. Tangi ikikauka, pampu inavuta hewa badala ya mazutu. Hata tangi ikijazwa, hewa inabaki ndani ya filtri na mabomba. Pampu inasukuma, hewa inajikunja na kujikunjua, injekta haifunguki. Kupiga kle mara ishirini hakubadilishi kitu, ni kumaliza batri bure.

Kuitoa hewa, hatua kwa hatua

Kwanza ni kuweka mazutu ya kutosha. Litre moja haisaidii, maana bomba la kuvuta kwa kawaida haligusi chini kabisa ya tangi. Mazutu ya vidumu ichujwe, na robine ya tangi ifunguliwe.

Pili ni kuangalia filtri. Tangi ikikaribia kukauka, uchafu na maji ya chini vinavutwa. Kama filtri ina kifuniko cha kumwagia maji, maji yamwagwe. Kama imejaa matope, ibadilishwe.

Tatu ni hewa yenyewe. Juu ya filtri kuna skrubu ndogo ya kutolea hewa. Inalegezwa kidogo tu, haitolewi. Kisha mtu anapampu kwa mkono, kwa kile kidude kilicho karibu na filtri au kwenye pampu ya mazutu. Kwanza linatoka povu. Anaendelea mpaka mazutu itoke safi, bila hata tone la povu, halafu anakaza skrubu wakati mazutu bado inatoka. Kama pampu kubwa ya injekta nayo ina skrubu yake, inafanyiwa vilevile.

Nne ni kudemare. Kle isishikwe zaidi ya sekunde 10, kisha mashine ipumzike kama dakika moja. Injini inaweza kukohoa na kutoa moshi kidogo kabla ya kutulia. Mazutu iliyomwagika ipanguswe kwanza, na sigara au mshumaa visikaribie.

Ikikataa bado, fundi hulegeza nati za mabomba ya injekta, huzungusha injini mpaka mazutu ionekane, kisha hukaza moja moja. Hiyo ni kwa injini za zamani tu. Kwenye injini mpya za elektroniki mabomba hayo hayaguswi: mazutu inayotoka humo kwa presha inaweza kutoboa ngozi. Aliyepigwa nayo apelekwe hospitali hapo hapo, hata kama kidonda kinaonekana kidogo kama cha sindano.

Afadhali isifike huko

Njia rahisi ni kutoiacha tangi ikauke. Kijiti chenye alama kinatosha kupima. Kama grupu inakula litre 3 kwa saa na tangi ina litre 30, kuna saa 10, si zaidi. Ikibaki robo, mzigo unapunguzwa, grupu inazimwa kwa mkono, inaachwa ipoe, inajazwa. Wagonjwa wa oksijeni wapangiwe mtungi kabla ya kuizima. Na hata mvua ikinyesha, grupu haiingizwi ndani ya nyumba: moshi wake unaua watu wakiwa usingizini.

Kinachobaki ni kufundishana. Kle ya saizi ya ile skrubu, tochi na kitambaa safi vitundikwe karibu na grupu. Siku fundi akija kubadilisha mafuta ya injini, sentineli na wauguzi wa zamu wasimame naye, kila mmoja alegeze skrubu, apampu, akaze. Mchana, umeme ukiwepo, ndiyo saa ya kujifunza.