Nyumba ya Kupisha Maji

Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, ukateremka kando ya Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha ukamwaga baharini penye daraja la Salenda. Na katika safari hiyo, ambayo si ndefu, hupokea maji ya mabati, ya lami na ya mitaro ya mitaa yote iliyo juu yake, kwa kuwa Dar es Salaam, ambayo sensa ya mwaka 2022 iliikuta na watu zaidi ya milioni 5, imekwisha funika kwa saruji sehemu kubwa ya ardhi iliyokuwa ikiyanywa maji hayo taratibu. Masika yakikaza, mto huo unaovukika kwa miguu wakati wa kiangazi hupanda kwa saa chache, na kwa kuwa njia yake imejaa mchanga na takataka, hutafuta nafasi katika vyumba vya watu. Gharika ya Desemba 2011 iliua watu wasiopungua 40. Serikali iliwahamisha wengi wa waliosalimika hadi Mabwepande, nje ya mji. Na haikupita muda mrefu baadhi yao wakarejea bondeni, kwa sababu riziki yao ilikuwa Kariakoo, na nauli ya kuifuata kila siku ilikuwa ikila faida yote ya biashara.

Sitamtetea mtu ajengaye ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na hapana ustadi wa fundi unaoweza kuishinda nguvu ya mto penye mkondo wake. Lakini nyuma ya mpaka huo wako maelfu ya watu ambao maji huwafikia magotini au kiunoni, yakakaa usiku mmoja au siku mbili, kisha yakaenda zake. Na hao ndio ambao nyumba iliyofikiriwa vema ingewapa sitara.

Desturi iliyoenea ni kununua kifusi. Mwenye kiwanja humwaga malori kadhaa ya mabomoko ya saruji, akainua ardhi yake nusu mita juu ya jirani, akaongeza kizingiti cha tofali mlangoni na viroba vya mchanga nje, akajiona amesalimika. Naye amesalimika kweli, maana maji yaliyokuwa yake sasa ni ya jirani. Jirani naye akipata fedha hununua kifusi kingi zaidi, almuradi mtaa mzima ukawa mashindano ya kupanda juu, na anayebaki chini kabisa ni mjane au mpangaji ambaye hana hata fedha ya toroli moja. Naiona desturi hii kuwa dhuluma, ingawa waifanyao si watu wabaya.

Njia yenye insafu zaidi ni kuisimamisha nyumba juu ya nguzo za zege na nondo, kama mvuvi avukaye maji ya kupwa hali amekunja shuka yake, ili mafuriko yapite chini bila kugombana na ukuta. Mita 1 ya ujazo wa maji ina uzito wa tani 1, na ukuta wa tofali usio na nondo, ukikingamana na maji yaliyozidi upande mmoja kwa kimo cha kama mita 1, waweza kupasuka. Ndiyo maana hata nyumba isiyoweza kuinuliwa ni afadhali iachiwe matundu karibu na ardhi, maji yaingie na kutoka, kuliko kuzibwa kila upande hata ikaanguka. Kimo cha sakafu hakihitaji kubahatishwa: alama ya tope iliyobaki katika kuta za mtaa husema maji yalifika wapi, na mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi na wakazi wenyewe kuchora mitaro na mahali pafurikapo. Juu ya alama hiyo iongezwe nusu mita.

Waholanzi wa Maasbommel, kando ya mto Maas, wana nyumba zilizojengwa juu ya masanduku matupu ya zege, ambazo maji yakija huelea zikipanda juu ya milingoti. Ni maarifa ya ajabu, na ni ghali. Kwetu nguzo zatosha.

Hapa ndipo udogo wa nyumba unapokuwa fadhila. Nyumba yetu ya Kiswahili, yenye vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma, hutandaa chini yote na kulala mbele ya maji kwa upana wake. Ilhali familia hiyohiyo ikipewa vyumba viwili vya mita 3 kwa 3, kimoja juu ya kingine, na ngazi nje, hukalia ardhi ndogo, huacha mahali pa maji kunywewa na udongo, na huhitaji nguzo chache. Chini pawe baraza, pa kusukia nywele na kuuzia vitumbua, wala pasizungushiwe ukuta na kupangishwa, ingawa najua kishawishi hicho kitakuja. Juu ya kimo cha maji yafaa matofali ya udongo ya kufungamana, yenye saruji kidogo. Chini ya hapo, zege tu. Nyaya za umeme ziteremke kutoka darini, na soketi ziwe usawa wa kifua.

Maji ya paa nayo yasiachwe yaende mtaroni: bati la mita 30 za mraba, kwa mvua ya milimita 10 tu, hutoa lita 300, yaani ndoo 15. Gata na tangi vyatosha kuzikamata.

Jambo lisilopendeza kutajwa ndilo lenye athari kubwa: choo. Mvua inaponyesha wako watapishao mashimo yao ili mkondo uchukue uchafu, na kipindupindu hakibagui aliyetapisha na asiyetapisha. Choo kiinuliwe pamoja na nyumba, na tangi lake lizibwe barabara, likinyonywa kwa pampu ndogo ya mkono inayopita katika vichochoro ambamo gari haliingii.

Kizuizi, basi, si ufundi bali ni mwenye nyumba, ambaye aghalabu hakai bondeni, amekwisha pokea kodi ya miezi sita, na magodoro yanayolowa si yake. Mwenye kujijengea yeye ana nafuu, maana desturi yetu ya kujenga kidogokidogo yamwelekea vizuri, madhali atabadili mpangilio: mwaka wa kwanza nguzo na jamvi la juu, chumba kimoja baadaye, cha pili Mungu akijalia. Ila nondo zinazoachwa zimechomoza kungojea orofa azifunike kwa zege jepesi, kwa kuwa hewa ya chumvi ya pwani huzila kabla hajapata fedha ya kuendelea.