Namba Kwenye Paji la Uso

Baada ya sala ya Isha, sisi wanakamati wa msikiti tulifanya zoezi. Fikra yake tuliiazima kwa mwalimu wa maigizo Keith Johnstone, ambaye katika kitabu chake Impro cha mwaka 1979 alieleza jinsi hadhi inavyosomeka machoni, shingoni na mikononi. Kila mmoja alibandikwa kwenye paji la uso namba asiyoiona, 1 hadi 10, kisha tukaamkiana kama tulio walimani, kila mtu kwa kadiri ya namba yake.

Hakuna aliyetukanwa. Hata hivyo mwenye 2, mtunza hazina wetu, mtu mzima mwenye heshima zake, alipewa ncha za vidole na macho yaliyokwisha kuvuka bega lake kumtafuta mwenye 9. Punde mabega yalimshuka, akajisogeza karibu na viatu. Namba yake aliikisia bila kukosea.

Ndipo mmoja wetu akauliza: mjane ajaye kuomba zaka, sisi humtazama vipi? Tukanyamaza. Humpokea mlangoni tukiwa tumesimama. Mfadhili hupewa kiti na kahawa.

Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.) alikuwa kipofu. Uso uliokunjwa hakuuona, na bado Suratu Abasa iliteremka. Wajane wetu wanaona.

Kiti kimekwishawekwa ofisini. Kuhusu kahawa, bado tunabishana nani ainunue.