Mshale wa Laptopu Umeganda Katikati ya Malipo? Usizime Kwanza

Ni mwisho wa mwezi. Umeingia kwenye akaunti ya biashara kwa laptopu ili ulipe wafanyakazi wako sita, umebonyeza "Tuma", halafu mshale unakataa kusonga. Unasugua padi, wapi! Wengi wetu hapo mkono huenda moja kwa moja kwa kitufe cha kuzima. Pole pole kwanza.

Kabla ya kushughulikia laptopu, shughulikia pesa. Mshale kuganda hakurudishi malipo ambayo tayari yametumwa. Yakishatoka kwako yanaendelea kwenye mitambo yetu, hata kama skrini yako imesimama tuli. Kwa hivyo chukua simu, soma meseji za uthibitisho na uangalie salio. Ukituma tena bila kuangalia, mtu anaweza kulipwa mara mbili, na kurudishiwa hiyo pesa ni shughuli nyingine kabisa, hasa kama mwenyewe ameshaitoa.

Haya, sasa laptopu. Bonyeza Caps Lock. Kama kibodi yako ina taa ya kitufe hicho na inawaka na kuzima, mashine iko hai, ni mshale tu umekwama. Taa isipobadilika, huenda kila kitu kimeganda. Ipe dakika mbili tatu, na ikibaki vile vile, shikilia kitufe cha kuwasha kwa kama sekunde 10 hadi izime.

Kama iko hai, mara nyingi sababu ni ndogo hadi inachekesha: umezima padi bila kujua. Laptopu nyingi zina kitufe kwenye safu ya juu, kati ya F1 na F12, chenye picha ya padi. Kibonyeze, na ikikataa, kibonyeze pamoja na Fn. Fuata picha, si namba uliyoambiwa na jirani, kwa sababu kila kampuni huweka mahali pake. HP kadhaa za zamani, zile ambazo watu hununua za mtumba, zina alama ndogo kwenye kona ya juu kushoto ya padi. Igonge mara mbili haraka.

Unatumia mausi isiyo na waya? Badilisha betri, kisha chomoa kile kidude cha USB ukichomeke kwenye tundu lingine. Na hapa kuna kitu huchanganya watu: laptopu zingine zimepangwa kuzima padi mausi ikiunganishwa. Kidude kikibaki kimechomekwa na mausi yenyewe umeisahau nyumbani, padi inaweza kukaa kimya siku nzima. Mshale ukiwa unarukaruka wakati wa kuchaji pekee, chomoa chaja ujaribu. Chaja feki ina vituko vyake.

Bila mshale bado unaweza kutembea kwa kutumia Tab na kuchagua kwa Enter. Lakini usijaribu hivyo kwenye ukurasa wa malipo, Enter moja inaweza kubonyeza "Tuma" mara ya pili. Afadhali ufunge dirisha lote la kivinjari kwa Alt na F4. Kuwasha upya Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, achia, kisha U, halafu R. Hii ni salama kuliko kukata umeme ghafla.

Ikiwaka tena, ingia kwenye akaunti, linganisha orodha ya malipo na zile meseji, lipa tu aliyebaki, kisha utoke kabisa.

Na mtu akikupigia akisema ametoka kwetu na anataka "kurekebisha laptopu", eti uweke programu fulani au umtajie PIN, kata simu. Sisi hatuulizi PIN. Kama lazima laptopu iende kwa fundi, badilisha nenosiri kwa kutumia simu yako kabla hujaiacha pale dukani.